Haramia Aliyekwama Dirishani

Fawziya aliapa kwamba hatatikisa finjani. Mji mzima wa Ibra, hapa Omani, unajua: mgeni asipotikisa finjani, mwenye nyumba hawezi kuacha kummiminia kahawa. Basi Mzee Khalaf na amimine mpaka mkono umchoke.

Kichekesho chake Fawziya, cha haramia wa enzi za ngome na mishale aliyewaibia matajiri akawagawia maskini, runinga ilikikata baada ya vipindi vinne. Kipindi cha nne kilimwacha haramia amekwama kwenye dirisha la tajiri bahili, kichwa ndani, mikono na miguu nje. Mamake, Bi Hajar, anayeumwa kitandani, kila asubuhi humwuliza, “Yule maskini keshatoka?” Swali hilo lilimkata maini. Cha tano angekirekodi mwenyewe kwa simu, na waigizaji wangekuja Ijumaa kutoka Nizwa. Lakini dirisha lilikuwa la nyumba ya udongo ya Mzee Khalaf, walimorekodia vile vinne, naye sasa alikuwa ameitia kufuli.

“Dirisha sitoi,” mzee alisema, akimimina finjani ya tisa.

“Babu, umekasirika kwa kuwa tajiri anakohoa kama wewe?”

“Kukohoa nilicheka mwenyewe, wallahi! Lakini umemfanya afukuze wageni hata kahawa hawajanywa. Ndani ya nyumba yangu, bibiye! Jamaa zangu wa Mudhaibi wananipigia simu kuniuliza kama kahawa imenishinda.”

Fawziya akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Amezaliwa na kulelewa hapa hapa, ameandika kurasa chungu nzima, na jambo hilo halikumjia hata mara moja! Finjani aliendelea kuishika vile vile.

“Babu, yule aliyekwama dirishani ni mwizi au mgeni?”

Mzee alifikiri. “Kichwa kiko ndani?”

“Kiko ndani.”

“Basi mgeni. Apewe kahawa kwanza, askari waitwe baadaye.”

“Mikono yake iko nje. Atatikisaje finjani?”

Mzee Khalaf aliitazama finjani ya Fawziya, akalitazama birika lake, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

“Ole wake tajiri! Atammiminia mpaka ghala limwishie!”

Akatoa ufunguo kanzuni, akauweka kando ya sahani ya tende.

“Lakini tajiri nitakuwa mimi. Huyo mwigizaji wako hajui kukohoa.”

Fawziya akatikisa finjani.