Mkorosho na Ghorofa Moja

Mwamina alishuka kwenye bodaboda akitokea Nambambo, vumbi mpaka kwenye kope, akaona shoka limeegemezwa kwenye mkorosho wake.

Wake, ndiyo. Marehemu mama yao aligawa hivi: kiwanja cha Nandagala ni cha Hemedy, mkorosho uliomo ni wa Mwamina. Huku kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na hakuna anayeshangaa. Mwamina aliolewa mbali. Mti ule ndio pekee uliomrudisha nyumbani kila msimu bila kusubiri kualikwa.

"Shikamoo dada. Usinitazame hivyo," alisema Hemedy, mdogo wake. "Mpango wa mji umetoka. Jengo la biashara lisizidi nusu ya kiwanja, wala lisizidi ghorofa moja. Mimi nataka fremu sita za maduka. Zikikaa mstari mmoja, mstari unapita hapo hapo kwenye mti."

"Si upandishe nyingine juu?"

"Ghorofa moja, dada! Moja ndiyo hii ya chini. Sasa hiyo nayo hesabu ya kukushinda?"

Jamani, Hemedy na ujuaji wake! Tangu utotoni, akishaelewa kitu vibaya, hakuna wa kumtoa. Mwamina hakubishana. Alijitanda khanga upya, akamshika mkono mpaka ofisi ya kata, alikokuwa Agatha, binti wa mipango miji, akijibu maswali ya watu.

"Samahani mwanangu," Mwamina aliuliza, "hiyo ghorofa moja mnaanza kuihesabu wapi?"

Agatha akatabasamu. "Ya chini hatuihesabu, mama. Ghorofa ni ile inayokaa juu yake. Chini na juu, basi, mwisho hapo."

Hemedy akakuna kisogo. Fremu tatu chini, tatu juu: zinaenea pembeni, na mkorosho hauguswi.

Walipofika uani, Hemedy akaona aibu ya kweli.

"Nisamehe, dada. Fremu moja ya juu chukua wewe, uweke cherehani yako."

Mwamina aliliondoa shoka shinani, akampa. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

"Fremu baki nazo, mdogo wangu. Niachie mti tu. Mti ukiwepo, nakuja kwetu. Ungeukata, ningekuwa nakuja kwako."

Hemedy akalipeleka shoka ndani.