Jiwe Tulilonywea Chai

"Kitendawili," niliwaambia wajukuu huku nikimenya yai.

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Wakaliangalia yai mkononi mwangu, wakaangua kicheko. Bibi yao nilikuwa nimeshawauzia jibu. Hapo ndipo mzee mmoja alipokuja kusimama nyuma yetu na ndoo ndogo ya maji.

Yale yalikuwa makaburi ya kale, katikati ya jiji. Baadaye yakatiwa mabenchi na njia za baiskeli, yakawa bustani ya watu wote, nasi tukadhani wafu wake hawana wenyewe tena. Kila Jumapili tulikalia jiwe moja pana, lililolala sawasawa kama meza. Maandishi yake niliyapenda kwa jambo moja tu: vikombe havikuteleza. Kusoma najua, shule ya msingi nilimaliza. Lakini yale sikuwahi kuyasoma.

Mzee hakuondoka, na mdomo wangu hauna kufuli.

"Babu, kama ni njaa, karibu. Kama unatafuta mke, umechelewa."

Akatabasamu. "Mke ninaye, bibi. Mmemkalia."

Niliwanyanyua watoto kwa makwapa, mmoja huku, mwingine kule. "Tuwie radhi, mwenzangu."

Mjukuu wangu mkubwa akaninong'oneza, na mnong'ono wa mtoto husikika hadi sokoni: "Bibi, si ndiye yule babu wa Jumapili ile? Alisimama pale kwenye mti, akarudi zake."

Mzee akatazama viatu vyake. "Niliwakuta mnacheka, sikupenda kuwakatiza. Leo imebidi. Kesho mpwa wangu ananihamishia kwake, mbali. Nimekuja kumuaga."

Ardhi haipasuki mtu anapoihitaji. Nikapiga magoti, nikafuta makombo kwa upindo wa gauni. Kiini cha yai kilikuwa kimeingia ndani ya herufi za jina la yule mama; nikakichokoa kwa ukucha, kikazidi kujipaka.

"Acha, bibi," mzee akaniambia, akamimina maji taratibu. Umanjano ukachuruzika hadi kwenye majani, jina likabaki.

"Mama Kicheko," akaliambia jiwe, "una wageni."

Mjukuu wangu mdogo, niliyemfunza mwenyewe kwamba mkubwa hapitwi bila salamu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi."

Mzee akaweka ndoo chini.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba ya mkewe.

Mimi nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa ya chai.