Manjano ya Kiganjo

Muuzaji alikuwa amewapakia ubaoni rangi tatu za manjano. Ndanu alizitazama zikikauka, akamgeukia babake.

"Ni hii ya kwanza, Baba. Ndiyo ya nyumba yetu ya Kiganjo."

"Hapana," Kitonga akasema. "Ile ilikuwa imekolea zaidi. Ni hii ya katikati."

Walikuwa kwenye duka la rangi hapo Ruiru tangu saa nne. Kitonga alikuwa amestaafu kiwandani Thika na kujenga nyumba yake ya kwanza. Alitaka chumba cha kulala kifanane na kile cha kupanga walimoishi na marehemu Nzilani, mamake Ndanu, kwa miaka kumi na tisa. Picha pekee waliyokuwa nayo ilikuwa imepauka.

"Si twende tu tukaone?" Ndanu akasema mwishowe.

Wakaenda Thika. Katika ile ploti ya nyumba za kupanga, Kiganjo, mlango wao wa zamani ulifunguliwa na mwanamke kijana aliyeitwa Viola. Alipoelezwa shida yao alicheka, akawakaribisha ndani. Kuta sasa zilikuwa za buluu.

"Kwaruza tu hapo nyuma ya mlango, mzee. Hata hivyo itapakwa tena mwezi ujao."

Kitonga akakwaruza kwa ufunguo. Chini ya buluu palikuwa na rangi nyeupe, na chini ya nyeupe, simiti tupu. Akajaribu karibu na dirisha. Ni yale yale.

"Lakini nakumbuka manjano," Ndanu akasema. "Nikiamka asubuhi, kila kitu manjano. Hata mikono ya Mama."

Kitonga alilitazama lile dirisha dogo la mashariki.

"Pazia," akasema polepole. "Lilikuwa pazia lake. Jua likichomoza..."

Aliketi, akajifuta macho, kisha akaanza kucheka, na Ndanu naye akacheka.

Viola akawamiminia chai. Kitonga akamsimulia jinsi Nzilani alivyolishona lile pazia kwa mkono akiwa na mimba ya Ndanu, pindo likaenda upande, akakataa katakata kulifumua.

Waliporudi Ruiru, Kitonga alichukua ile ya kwanza, chaguo la Ndanu. Wakapaka Jumamosi, wao wawili. Ilipokauka, ilikuwa imekolea kuliko ilivyoonekana ubaoni.

"Imefanana?" Ndanu akauliza.

"Hata kidogo," Kitonga akasema. "Lakini nitaizoea."

Wakaacha madirisha wazi harufu itoke, wakaenda kula muthokoi nje.