Siku Saba za Pendekezo la Mwalimu Mwinjuma

Alhamisi hiyo Sabra alifungua duka lake la steshenari saa mbili kasoro, akafagia mpaka kwenye ngazi, akawasha mashine ya kutoa kopi ipate moto, ndipo akachukua simu kuangalia kundi la jumuiya. Siku ya tano. Chini ya pendekezo la Mwalimu Mwinjuma zilikuwa zimejipanga shikamoo kumi na nne, pole na majukumu nne, na picha za viganja vilivyounganishwa ambazo hakuzihesabu. Aliyepinga, hakuna.

Pendekezo lenyewe lilikuwa la mistari miwili. Lilitaka funguo za ghala la jumuiya ziendelee kukaa kwa mwenyekiti, yaani yeye mwenyewe, peke yake kwa miaka mitatu mingine, "kwa ajili ya usalama".

Jumuiya ya Programu Huria Morogoro ilikuwa na watu ishirini na wawili, wote wa kujitolea. Programu huria ni zile ambazo maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa mwenzake. Sasa, kitu cha wote kikikosa utaratibu huharibika upesi kuliko cha mmoja, na kazi ya jumuiya ilikuwa kufundisha huo utaratibu: andikeni maelekezo, mjibuni anayelalamika, wekeni kumbukumbu ya kila mnachoamua, na funguo zisikae kwa mtu mmoja. Hilo la mwisho Sabra, aliyekuwa katibu mwaka wa nne sasa, alikwisha kulifundisha kwa chaki kuanzia Kihonda mpaka Ngerengere. Na kumbe ghala lao wenyewe, yaani pale mtandaoni walipohifadhi programu tisa za watu, lilikuwa na ufunguo mmoja, wa mtu mmoja, mwenye miaka sitini na tisa na presha.

Januari Mwalimu alilazwa siku kumi na moja. Siku ya pili tu, ile programu ya zamu za lori la mazao kule Mkuyuni ikaanza kukosea tarehe. Kosa lilionekana, dawa yake ikaandikwa kwa nusu saa, lakini hakuna aliyeweza kuiingiza ghalani, maana mwenye ufunguo alikuwa kitandani ana dripu mkononi. Wakulima wakaambiwa na simu zao kwamba lori linakuja Jumatano. Wakashusha ndizi tangu alfajiri, mikungu kwa mikungu, wakaipanga kando ya barabara na kuifunika majani. Lori likaja Ijumaa. Nyuki walikuwa wameifikia kabla yake.

Mwalimu alipopona, watu wakadhani atatoa ufunguo wa pili. Akaleta pendekezo.

Na ubaya ulikuwa kwenye kanuni ya saba. Mwalimu mwenyewe aliitafsiri kutoka katika kanuni za jumuiya za nje: pendekezo likikaa kwenye kundi siku saba bila kupingwa na watu watatu, limepita. Huko ilikotoka huenda mtu asiyetaka husema palepale. Hapa mtu mzima akisema jambo usilolipenda, unamwamkia, unanyamaza, halafu unakwenda kulisema kwa mwingine. Huyo mwingine alikuwa Sabra. Kwenye simu yake peke yake walikwisha kumwandikia tisa. "Dada katibu, hili la mzee sio." "Katibu, fanya kitu." Wote hao kwenye kundi walikuwa wametoa shikamoo.

Mwisho ulikuwa Jumapili saa sita mchana. Likipita, ni miaka mitatu ya kuomba Mungu Mwalimu asiugue. Sabra alifuta vumbi kwenye kioo cha kaunta, akafuta tena palepale alipokwisha kufuta, akaamua kwamba halitapita. Yeye angepinga. Walibaki wawili wa kutafuta.

Jioni akaenda Mazimbu kwa Amosi, fundi wa maabara ya kompyuta pale chuoni. Alimkuta amechuchumaa chini ya meza anafunga nyaya kwa kamba ya katani.

"Nimekuja kutafuta jina lako," Sabra akasema.

"Jina langu liko benki, limekopewa." Amosi akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti. "Najua unachotaka, dada. Mimi niko na wewe, kabisa."

"Basi andika. Simu hiyo mfukoni mwako."

"Sasa hapo ndipo pagumu. Mwalimu ndiye aliyenishika mkono kwenye hesabu mpaka nikafika hapa. Baba yangu alipofariki ndiye aliyenipeleka shule na baiskeli yake, mimi nyuma, begi mbele. Leo niamke nimwandikie napinga, watu ishirini wakisoma?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pinga wewe. Mimi nitakuunga mkono moyoni."

"Amosi, kanuni inahesabu majina. Moyoni hakuna kitufe cha kutuma."

Amosi alicheka, lakini alicheka akiangalia nyaya zake. Sabra aliondoka bila jina.

Ijumaa akafunga duka mapema, akaenda Mkuyuni. Filomena, mama wa miaka arobaini na kitu, ndiye aliyeisimamia ile programu ya zamu za lori. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya banda lake, anachambua pilipili manga kwenye ungo, mbichi kushoto, mbovu anatupia kuku, na kuku wanazikataa. Sabra alitegemea kwamba huyu hahitaji kubembelezwa, maana ndiye aliyetukanwa siku mbili nzima na wenye ndizi.

"Sitaandika," Filomena akasema.

Sabra akakaa kwenye gunia. Alikuwa amechoka na vumbi la barabara lilikuwa limemjaa kwenye viatu. "Da Filomena, wewe?"

"Mimi. Ndizi zimeoza mbele ya macho yangu, bado siandiki. Nikuulize, Mwalimu mmeshamwambia?"

"Si ndiyo tunataka kumwambia kwenye kundi."

"Kwenye kundi siyo kumwambia, ni kumvua nguo. Mtu mzima anaambiwa nyumbani kwake, amekaa kwenye kiti chake, mkewe anasikia. Akishaambiwa, hata ukimwandika gazetini hakuna lawama. Ninyi watu wa mjini mmekaa siku sita mnatafutana wenyewe kwa wenyewe, mwenye jambo hajaulizwa." Akapeta ungo, maganda yakaruka. "Nendeni mkamwambie. Mimi nitakuja, tena mimi ni mtani wake, ukoo wetu na wao tunataniana tangu mababu. Yapo ambayo mimi nikiyasema atacheka, wewe ukiyasema atakufukuza."

Sabra alivua kiatu, akakung'uta vumbi. Siku zote hizo alikuwa akiwaona wenzake ni waoga, na usiku uliopita alikwisha kulisema neno hilo kwa mama yake. Kumbe walikuwa wakisubiri hatua moja ambayo yeye, katibu, aliiruka kwa kuwa haikuandikwa kwenye kanuni. Akatoa simu, akampigia Amosi. "Kesho saa tisa, kwa Mwalimu, Bigwa. Tunakwenda kumwambia uso kwa uso. Vaa shati la kola."

Jumamosi saa tisa walikuwa barazani kwa Mwalimu, chini kabisa ya mlima, mfereji wa maji ukipita nyuma ya choo. Bi Mosi, mkewe, akawaletea chai ya mchaichai kwenye vikombe vyenye maua ya bluu, na magimbi ya kuchemsha kwenye sinia. Wote wakatoa shikamoo, wote wakaitikiwa. Mwalimu alikuwa amevaa msuli na sweta, miwani imefungwa kwa uzi shingoni.

"Watatu, tena wamechana nywele," akasema. "Mmekuja kuposa au kuzika?"

"Kuzika bado, mtani," Filomena akadakia. "Ndicho kinachotusumbua. Siku ukifa, mimi mtani wako nitakuja hapa nitapindua masufuria, nitavaa suruali yako, nitakula ubwabwa wa matanga wa watu wawili. Hayo nayaweza. Lakini hiyo nywila yako ya ghala nitaitoa wapi? Nikutikise kwenye sanda?"

Bi Mosi aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha kicheko kikaisha, akaona kwamba wale wawili wengine hawakucheka.

Sabra akaweka kikombe chini. "Mwalimu, kesho kabla ya saa sita nitaandika kwenye kundi kwamba napinga pendekezo lako. Nimekuja ulisikie kwangu kwanza. Tunafundisha watu funguo zisikae kwa mmoja, na zetu zimekaa kwa mmoja. Januari tumeona. Sitaki tuone tena."

Mwalimu alichukua simu yake, akaishika mbali na macho, akasogeza kwa kidole. "Siku ya saba leo. Hakuna hata mmoja aliyenipinga. Mimi nilijua mmekubali." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Niliwaambia hata madaktari, vijana wangu bado wananihitaji."

"Hakuna aliyekukubali pia, Mwalimu. Hesabu."

Akahesabu. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini na moja na hakuweza kuacha namba ipite. Midomo ilicheza: shikamoo, shikamoo, pole, shikamoo. Alipofika chini akarudi juu, akahesabu upya.

"Walioafiki, sifuri," akasema.

Amosi, ambaye hakuwa ametamka neno tangu salamu, akasema, "Mwalimu, mimi ni mmoja wa hizo shikamoo. Naomba radhi. Nilipaswa kuja siku ya kwanza."

"Ungekuja siku ya kwanza, ningekufukuza."

"Ningerudi."

Mwalimu alimtazama kijana wa watu muda mrefu. Sabra akaona ni nafasi. "Basi liondoe mwenyewe, Mwalimu, liishe kimyakimya."

"Hapana." Akavaa miwani. "Nikiliondoa, itakuwa mmekuja kuniomba nami nikawahurumia. Kesho mwenyekiti mwingine ataombwa vilevile, kwa chai na magimbi. Pingeni. Mpinge pale pale nilipoandika, kila mtu na jina lake na sababu yake. Msipofika watatu, limepita, na nitakaa na ufunguo wangu. Sitanii."

Hakuwa anatania. Walipoondoka aliwasindikiza mpaka kwenye mfereji, kama mgeni yeyote, akarudi bila kugeuka.

Jumapili Sabra aliandika saa tatu asubuhi. Filomena saa tatu na robo, na akaeleza habari ya ndizi kuanzia mkungu wa kwanza. Baada yake pakawa kimya. Saa nne. Saa tano. Sabra alikuwa amekaa uani na beseni la nguo, anafua gauni lilelile mara ya pili, simu juu ya ndoo iliyofunikwa. Saa sita kasoro dakika ishirini ikalia.

"Mimi Amosi napinga," ujumbe ulisomeka. "Sababu: Mwalimu alinifundisha kwamba jibu lisilo na njia yake halina maksi, na pendekezo hili halikuonyesha njia akiugua. Shikamoo Mwalimu."

Watatu. Na hapo, kama watu waliokuwa wamesimama mlangoni wakingoja mmoja avue viatu, wakaingia wengine. Ilipotimu saa sita walikuwa kumi na tatu. Katibu akaandika: pendekezo limeanguka. Chini yake akaweka la kwake, kwamba kuanzia sasa kimya kisihesabiwe, kila mwanachama aandike naafiki au napinga, na funguo zishikwe na wawili, yeye na Filomena, kwa mwaka mmoja, kisha wabadilishwe. Wa kwanza kuandika naafiki alikuwa Mwinjuma, bila neno lingine. Siku saba zilipotimia, walioafiki walikuwa kumi na tisa.

Kesho yake Mwalimu akampigia Sabra. "Njoo na kompyuta yako."

Akamkuta barazani, meza imesafishwa, karatasi yenye hatua sita zilizoandikwa kwa mkono wake mzuri wa ubaoni. Wakazifuata moja baada ya nyingine. Jina la Sabra likaingia, la Filomena likaingia.

"Tumemaliza," Sabra akasema.

"Hatujamaliza. Nitoe."

"Mwalimu?"

"Nitoe mimi humo ndani, halafu ufungue. Mimi nikiwa ndani utajuaje ni ufunguo wako umefungua?"

Kidole cha Sabra kilisita juu ya kitufe. Miaka sita jina la Mwinjuma lilikuwa juu kabisa ya orodha ile. Akabonyeza, likapotea. Akajaribu kuingia. Ghala likamwomba namba ya uthibitisho, na palepale simu ikatetemeka, lakini siyo yake. Ilikuwa ya Mwalimu, ndani ya mfuko wa sweta.

Wote wawili waliutazama mfuko.

"Unaona," Mwalimu akasema polepole. "Ungeondoka hivyo."

Ikabidi waanze upya, namba ya simu iliyosajiliwa ghalani ibadilishwe, na hiyo ilikuwa kazi ya saa nzima na zaidi, maana mtandao ulikuja na kuondoka kadiri wingu lilivyoshuka mlimani. Bi Mosi alipitisha chai mara mbili. Mwishowe Mwalimu akaizima simu yake kabisa, akaiweka mezani kifudifudi, akakunja mikono.

Sabra akaandika nywila. Ghala likafunguka, programu tisa zikajipanga, ya lori la Mkuyuni ikiwa ya tatu.

"Toka," Mwalimu akasema, "uingie tena. Nataka nione si bahati."

Sabra akatoka, akaingia tena.