Kuta Zilizotaka Kumeza Besi ya Baba

Nilipopitiwa na usingizi jana, niliota mafundi wananipigia simu: chumba changu cha kusikilizia muziki kimekwisha, nije haraka na santuri.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nimestaafu ualimu mwaka wa sita sasa. Lakini santuri ile ndiyo pekee aliyorekodi marehemu baba na bendi yake, akipiga gitaa la besi, na kwenye redio yetu ya zamani ya kupigia santuri besi hiyo haijawahi kusikika. Masikio ya mama yanazidi kufifia. Nilitaka amsikie mumewe kabla hayajaziba kabisa.

Uani nilimkuta Fundi Ndimbo, wa umeme, ameinamia beseni la povu.

"Fundi, unafua nini?"

"Umeme, Mwalimu. Si ulisema unataka umeme safi?" Akaukamua, akauanika kwenye kamba kando ya mashuka. "Huu umepita kwenye pasi za mtaa mzima. Ona maji yalivyo."

Maji yalikuwa meusi kweli. Nikamshukuru, nikaingia ndani.

Fundi Mkude, mkuu wa kazi, ananipokea mlangoni. "Ulitaka chumba ndani ya chumba, kelele za nje zisiingie," anasema. "Nimekujengea."

Tunafungua mlango, tunakuta chumba. Ndani yake kuna mlango mwingine na chumba kingine. Cha nne ni darasa langu la zamani, la Tano B, na kwenye madawati vimeketi vipande vya sponji, vile vya kubandika ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu!" zinasema sponji zote pamoja.

Nilijibu marahaba, lakini sauti haikutoka. Sponji ya mbele ilikuwa inatafuna.

"Imekula marahaba yako," alisema Fundi Mkude. "Ndiyo kazi yao, kumeza sauti. Ila hazijatia kitu tumboni tangu dukani. Sauti yangu zimeshaionja, zikaichoka."

"Tunakula chochote," ilisema sponji ya mbele kwa adabu. "Lakini besi ndiyo nyama."

Nikaikumbatia santuri. Baba yumo mle dakika tatu tu, na kwingine kokote duniani hayupo. Zikimla, basi tena.

Sauti sina. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni: ZILISHWE KWANZA.

Fundi Mkude anafungua dirisha. Pale palipokuwa na ua wangu sasa pana mashine ya kusaga, inanguruma. Sponji zinairukia ile ngurumo kama watoto kwenye pilau. Mimi napiga sufuria kwa mwiko. Fundi Ndimbo anakuja mbio na honi ya lori mikononi, anaibonyeza bila huruma. Nacheka hadi machozi, nazo zinakula na kicheko changu.

Hatimaye sponji ya mbele inacheua.

"Tumeshiba, Mwalimu. Utuwie radhi." Zikapanda ukutani moja moja, zikajibandika, zikalala.

Mama alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha katikati, mkoba mapajani, kama aliyekuja kumwona daktari. Nikashusha sindano juu ya santuri.

Kwanza ngoma. Kisha ikaja besi, ikaanzia nyayoni, ikapanda magotini, ikanifikia kifuani, nene, bila haraka, kama baba alivyokuwa akitembea. Nikasikia hata vidole vyake vikiteleza kwenye nyuzi. Katikati akakosea noti moja.

"Hapo," alisema mama, amefumba macho. "Hapo alikuwa ananitazama mimi."

Akavua ndala. Akasimama kwenye sakafu iliyojaa vumbi jeupe la jasi, akaanza kucheza peku.

"Mama, goti!" nikapiga kelele.

Akacheza kwa kasi zaidi, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilikwenda dirishani kukitazama chumba changu cha kweli: kuta zimesimama, mlango umefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao Fundi Mkude kwake.

Mama nilimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda, anajifuta nyayo kwa kitambaa kibichi. Zilikuwa nyeupe kwa jasi mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwambie fundi wako afanye upesi," alisema bila kuinua macho. "Nataka tuirudie."