Kekeo wa Hombolo

Elieza alikuwa na sheria moja ya kutazama ndege, na aliishika kuliko wengine wanavyoshika amri za kanisani: ndege aliyesikiwa na mtu mmoja hahesabiki. Akisikia mlio kichakani alimgeukia mkewe na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Umemsikia?" Evodia akikataa, ndege huyo alifutwa, hata kama Elieza alikuwa tayari kula kiapo. Akiitikia kwa kichwa, basi, ndege amepatikana, wanasonga mbele. Mdomo Evodia hakuufungua kamwe, maana ndege hawana subira na watu wenye maneno.

Ilikuwa starehe ya ajabu kwa fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota, na kwa karani wa wizara aliyezaliwa Bukoba na kuhamishiwa Dodoma bila kuulizwa. Ofisini walimcheka Evodia. "Jumamosi alfajiri unakwenda porini kutazama ndege, huna nguo za kufua?" Alikuwa nazo, tele. Lakini Mungu hakuwajalia watoto, nyumba ilikuwa kimya, na huko porini angalau ukimya wao ulikuwa na kazi ya kufanya.

Elieza alifariki mwezi wa nne. Siku ya kumaliza msiba ndugu zake walikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi: koti, redio, mashine ya kuchomelea, simu. Evodia alipoulizwa angependa kubaki na nini, alichukua darubini. Vingine vyote akasema chukueni, kwa jinsi alivyochoka kulia. Simu ikaenda kwa binamu wa marehemu, na kabla jua halijazama alikuwa ameshafuta kila kilichokuwamo ili apate nafasi ya picha zake. Hakukosea. Alipewa simu, akaitumia.

Miezi ilipopita ndipo Evodia alipojua alichokitoa. Humo ndimo Elieza alimorekodi milio ya ndege wake, na humo tu ndimo sauti yake ilimokuwa imebaki, maana hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti, akikutaka alikupigia. Sura yake ilikuwapo ukutani. Sauti ndiyo iliyokuwa inamtoroka. Akiosha vyombo alijaribu kuisikia kichwani ikimwuliza umemsikia, ikamjia kwa sauti yake yeye mwenyewe, nyembamba, ya mjane. Jambo hilo lilimtisha kuliko kaburi.

Novemba ikaingia, mawingu yakaanza kujikusanya jioni na kutawanyika bila kuleta chochote. Ndege waliokimbia baridi ya Ulaya walikuwa wameshafika, korongo weupe mashambani na keremkerem juu ya bwawa la Hombolo. Na huu ndio wakati kekeo anapoanza kuita mvua kwa zile sauti zake tatu zinazoshuka. Kila mtu anazijua, ila mwenyewe haonekani, anajificha kwenye majani kama mdaiwa. Kila mwaka Elieza na Evodia walimtafuta kekeo wa kwanza pamoja. Jumamosi hiyo Evodia alipanda bodaboda hadi Hombolo peke yake, akilia kidogo nyuma ya mgongo wa dereva, upepo ukimfuta.

Bwawa lilikuwa limenywea, ukingo wake tope lililopasuka. Keremkerem walipita juu, kundi zima, na Evodia akageuka kushoto, upande ambao Elieza alizoea kusimama. Palikuwa na kijiti na kinyesi cha mbuzi. Akajionea haya, ingawa hakuna aliyemwona.

Ndipo akamsikia kekeo, mbali, ndani ya migunga.

Moyo ulimdunda kama wa msichana. Akapiga mluzi alivyofundishwa na mumewe, sauti tatu, ya mwisho chini kabisa. Kekeo akajibu. Evodia akasogea, miiba ikimshika sketi, akapiga tena. Akajibiwa tena, safari hii karibu zaidi. Kwa kawaida kekeo hamfuati mtu hivyo. Akajiambia huenda na huyu naye yuko peke yake, wazo la kipuuzi, lakini alilikubali kwa sababu lilimfaa.

Aliposimama nyuma ya mgunga mkubwa, kekeo aliita mara ya mwisho, kisha sauti ya mwanamume ikasema, taratibu, kwa lafudhi ya Kigogo:

"Umemsikia, Evo?"

Evodia akakaa pale pale kwenye vumbi.

Aliyetokea upande wa pili alikuwa mwanamke kijana mwenye kofia, simu mkononi, darubini mpya shingoni.

"Shikamoo, mama. Jamani, samahani. Kumbe ni wewe uliyekuwa unapiga mluzi? Mimi nimekufuata muda wote nikidhani ni ndege."

"Marahaba," alisema Evodia. "Na mimi nilidhani wewe ni ndege."

Msichana alicheka, kisha akauona uso wa Evodia. Akachuchumaa. Alisema anaitwa Gladness, amehamishiwa Chamwino mwaka huu, hana mwenyeji, Jumamosi hana pa kwenda. Ule mlio aliokuwa akiucheza kwenye simu ili kumwita kekeo alitumiwa na mzee Iddy wa kundi lao la watazamaji ndege. Evodia alimjua Iddy; Elieza ndiye aliyekuwa akimtumia milio, ila hakuwahi kufikiri kwamba sauti ya mumewe nayo ilikwenda humo. Evodia mwenyewe alikataa kuingizwa kwenye kundi hilo, akisema ndege waliomo nyumbani mwake wanatosha.

"Huyo anayeongea unamfahamu?" aliuliza Evodia.

"Hapana, mama. Huwa nasahau kuizima kabla hajaongea. Halafu inakatika hapo hapo. Mimi hujiuliza huyo Evo ni nani, mbona hamjibu mwenzake."

"Evo ni mimi."

Gladness akavua kofia.

"Nilimjibu," alisema Evodia. "Kwa kichwa. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya, ndege asishtuke." Akajisogeza karibu. "Icheze tena, mwanangu."

Gladness aliibonyeza simu na kuiweka chini katikati yao. Kekeo akaita, sauti tatu, halafu tatu nyingine. Jani likakanyagwa, mtu akavuta pumzi, na Elieza akauliza.

Evodia aliitikia kwa kichwa kabla hajajua anafanya nini. Kisha akaitazama ile simu iliyokwisha kunyamaza.

"Nimemsikia, Elieza," alisema kwa sauti kubwa, na ndege wote wa mgunga ule wakaruka.