Kitambulisho cha Ratiba

Ofisini walimwita Mitambo, na alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Lilianza kama utani wa mafundi wa maabara, siku mashine ya kupimia damu ilipogoma na yeye akaiamsha kwa kuchomoa waya mmoja na kuuchomeka tena. Tangu hapo kila kilichogoma kililetwa mezani kwake, hata birika la umeme.

Kazi yake hasa haikuwa birika. Maabara ile ilipima sampuli za kliniki nyingi, na majibu yalitakiwa kufika huko kabla wagonjwa hawajajaa kwenye mabenchi. Aliyeyapeleka hakuwa mtu bali programu, nao waliipa jina la Ratiba. Kila asubuhi Ratiba iliamka yenyewe, ikakusanya majibu kutoka kwenye mashine za maabara, ikayapandisha kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuziona kwa macho, kisha ikaiamuru kompyuta mojawapo iyapange na kuyagawa. Lakini wingu nalo lina mlango, na mlangoni mtu huulizwa yeye ni nani. Kila asubuhi Ratiba ilijibu kwa jina la Mitambo.

Aliiunganisha hivyo yeye mwenyewe, alipokuwa mgeni kazini, kwa haraka, kwa akaunti yake binafsi, akijiambia ni kwa muda tu. Huo muda tu ulikuwa umeota mvi. Na kwa kuwa akaunti ile ilikuwa ya mtu, wingu liliingiwa na wasiwasi kila baada ya siku kadhaa, likataka mtu huyo athibitishe kuwa ni yeye kweli. Lilituma tarakimu kwenye simu yake. Asipozisoma, majibu hayaendi. Basi alizisoma sokoni, alizisoma bafuni na sabuni machoni, na alizisoma siku ya mazishi ya baba yake, amejibanza nyuma ya nyumba, kidole kimoja sikioni, akimtajia mtu wa ofisini tarakimu moja moja wakati ndugu zake wakimtoa baba ndani. Aliporudi mbele ya nyumba, jeneza lilikuwa limeshapita. Mama yake hakuwahi kulisema jambo hilo. Angelisema, ingekuwa nafuu.

Sasa ilikuwa zamu ya mama. Jicho lake moja lilizima zamani, na la pili lilikuwa linakaribia kupasuliwa. Siku chache za bandeji asingeona kitu chochote. Mama huyu, ambaye hajawahi kumwomba mtoto wake yeyote hata ndoo ya maji, alipiga simu mwenyewe.

"Mwanangu, nitakuwa gizani siku hizo. Mke wa kaka yako atakuja, lakini na wewe ukiweza, uwepo."

Neno lililomchoma ni lile "ukiweza." Mtu humwambia hivyo mgeni, si binti yake wa kuzaa.

Ndiyo maana siku ya mwisho kabla ya likizo alikaa na Baba Pacha ili waipe Ratiba kitambulisho chake yenyewe. Baba Pacha alikuwa fundi mwenzake, mtu wa maneno machache na usingizi mchache zaidi tangu mkewe alipojifungua mapacha. Ndiye angebaki na mitambo yote.

Kazi yenyewe si ya kuonyeshea watu kwenye sherehe. Kwenye wingu walitengeneza kitambulisho kipya, cha programu, kisicho na simu wala jina la ukoo. Wakakipa ruhusa kidogo kidogo, kwa ubahili: kiweke majibu kwenye hifadhi hii tu, kiamuru kompyuta ile tu, kisifute chochote. Wakaliambia wingu mashine ipi ya ofisini, yaani kompyuta inayoendesha Ratiba, iaminiwe ikija na kitambulisho hicho. Kisha wakarudi kwenye Ratiba, kwenye ukurasa wa miunganisho, wakaijulisha kwamba kuanzia sasa ijitambulishe hivi. Mitambo akabonyeza pa kujaribu. Duara dogo likazunguka, likazunguka, likawa kijani.

"Mambo si hayo!" alisema, akapiga meza.

Mkuu wa idara alikuwa anapita, akachungulia. Alikuwa mtu mwema mwenye woga, na woga wake aliufunika kwa sifa.

"Mitambo, wewe ni nguzo ya hapa. Hongera. Ila akaunti yako ya zamani usiiguse, iache palepale. Huwezi kujua. Bila wewe hapa tumekwisha."

"Haina shida, mkuu."

Kichwa kilimvimba kidogo, tusimfichie. Alianza kukusanya vitu vyake, chaja, kikombe, kanga aliyokuwa akijifunika kiyoyozi kikizidi. Baba Pacha hakuinuka. Aliendelea kuitazama ile kijani kama mtu anayetazama chenji aliyorudishiwa.

"Ufunguo wako wa zamani, ule wa akaunti yako, bado umo kwenye mashine?" aliuliza.

"Umo. Nitauondoa nikirudi."

"Tuuondoe sasa, halafu tujaribu tena."

"Ya nini, na imeshakubali? Ufunguo ukifutwa haurudi, unajua. Kuomba mwingine mpaka kibali, na kibali chenyewe mpaka mkuu aombwe na kubembelezwa. Kitu kikikwama kesho, mtafanyaje?"

"Tutakitafuta kilichokwama."

"Na msipokiona?"

Baba Pacha alisugua macho yake mekundu. "Dada, nikwambie kitu, usininunie. Wewe unataka wakupigie."

Alinuna. Alinuna hasa. Alitaka kumwambia kwamba yeye amekosa harusi, amekosa vipaimara vya watoto wa ndugu zake, amekosa kumsindikiza baba yake mzazi, kwa ajili ya tarakimu za kijinga, halafu mtu aje amwambie anazitaka? Lakini hakusema, kwa sababu maneno yale yalikuwa yameshaingia na yalikuwa yanatafuta mahali pa kukaa. Ni kweli kwamba siku ile nyuma ya nyumba alilia. Ni kweli pia kwamba simu ilipoita, kabla ya machozi, kuna kitu ndani yake kilichosimama wima: wananihitaji. Huko mbele ya nyumba walikuwa wanawake waliojua la kufanya, wa kupika, wa kumshika mama. Yeye hakujua ashike nini. Simu ilimpa cha kushika. Aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Akarudi kukaa. Akapiga moyo konde, akautafuta ufunguo wake kwenye mashine, akaufuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, ingawa hakuwa nayo.

"Jaribu," alimwambia Baba Pacha, akimsogezea kibodi.

Duara likazunguka. Likawa jekundu.

Walitazamana. Hapo ndipo alipoelewa kosa lake, kosa ambalo fundi wa kazi nyingine asingeweza kulifanya hata angelitaka. Programu kama Ratiba, kitambulisho ilichopewa kikikataliwa, haigombi wala hailii. Hupekua mashine nzima kimyakimya, na ikikuta kitambulisho chochote kimelala, hujivika hicho na kuingia. Ile kijani ya kwanza haikuwa ya Ratiba. Ilikuwa yake yeye. Kitambulisho kipya kilikuwa hakijawahi kufungua mlango hata mara moja, na siku wingu lingeingiwa tena na wasiwasi, tarakimu zingemfuata hospitalini, kando ya kitanda cha mama.

"Ungeondoka hivyo," alisema Baba Pacha, bila kumcheka.

"Ningeondoka hivyo."

Walikipata kilichokwama kabla chai haijapoa. Kwenye ile sehemu ya kuliambia wingu mashine ya kuaminiwa, alikuwa ameandika mashine ya majaribio, ile wanayofanyia mazoezi, si ile ya kazi. Walisahihisha. Duara likazunguka kwa muda uliomchosha roho, na likawa kijani, na safari hii hapakuwa na mtu wa kulisaidia.

Alipita kwa mkuu kuaga. "Ufunguo wangu nimeufuta," alisema. Mkuu alishika tama, akauliza je, dharura ikitokea? "Yupo Baba Pacha," alijibu, na akashangaa jinsi jibu lilivyokuwa fupi.

Asubuhi ya pili baada ya upasuaji alikuwa kwenye kiti cha plastiki wodini, simu iko pajani. Mama alikuwa amelala chali, bandeji nene usoni. Kliniki zilikuwa zimeshafunguliwa. Simu kimya. Aliigeuza, akaangalia kama ina mtandao. Inao. Mwishowe hakuvumilia, akatoka ukumbini akapiga yeye.

"Majibu yamekwenda," Baba Pacha alisema, mtoto mmoja akilia karibu na simu. "Kwenye kugawa yaligoma kidogo, nikaanzisha upya. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yaligoma? Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie ya nini?"

Alimshukuru, akakata. Alijisikia kama mtu aliyepitwa njiani bila kusalimiwa. Iliuma, tena iliuma sana, na alisimama pale akaiacha iume, wauguzi wakimpita na vitoroli vyao. Kisha akarudi ndani.

Mama alikuwa ameamka. Mkono wake ulikuwa unapapasa ukingo wa kitanda.

"Mkwe," aliita, "mkwe wangu, nisaidie maji."

Mkwe alikuwa amekwenda nyumbani kuoga tangu alfajiri. Binti alijaza maji kwenye glasi, akamwinua mama kwa nyuma ya shingo, akamnywesha. Mama alikunywa taratibu, kisha akaushika ule mkono ulioshika glasi, akaupapasa vidole kimoja kimoja, akakomea kwenye kidole cha shahada chenye kovu la kisu la utotoni.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe?" Sauti ya mama ilishuka. "Mimi nilijua umeshaondoka. Nilisikia unatoka na simu."

"Nilitoka, nimerudi."

"Hawakuiti?"

"Hawaniiti."

Mama akaikunja miguu yake chini ya shuka, akajisogeza ukutani, akapigapiga nafasi iliyobaki kitandani.

"Basi njoo ukae huku," alisema. "Kiti hicho cha nini?"